Walimu wanawake wanaongezeka shule za msingi, ila hesabu hiyo nimejifunza kuisoma taratibu

Nimefundisha shule ya msingi sehemu kubwa ya maisha yangu, na kwa miaka mingi mi ndo nilikuwa najaza zile fomu za takwimu za shule, zile zenye ME na KE, wanafunzi wangapi, walimu wangapi, matundu ya vyoo mangapi, madawati mazima mangapi na mabovu mangapi. Wenzangu wengi walikuwa wanaikimbia kazi ile kwa sababu inachosha na haina posho. Mi niliipenda. Ukijaza mara moja unaona namba tu, lakini ukijaza mwaka baada ya mwaka, shule hii na baadaye shule nyingine, unaanza kuona watu wanavyoingia na kutoka, nani kaja, nani kahama, nani kaacha kazi kabisa, na kitu kilichonishika kuliko vyote ni ile safu ya walimu wanawake maana ilikuwa inapanda. Naandika haya kwa sababu nasikia watu wanaliongelea jambo hili kirahisi mno, kuna wanaoshangilia tu, kuna wanaolalamika tu kwamba wanaume wameisha mashuleni, na wote wanashika namba ileile moja.

Tuanze na dunia kwa ujumla ili tuelewane. Kwa takwimu za UNESCO, mwaka 1990 wanawake walikuwa karibu asilimia 56 ya walimu wote wa shule za msingi duniani, sasa hivi wanakaribia theluthi mbili au wamefika kabisa. China mwaka 1990 walikuwa bado chini ya nusu, kufika katikati ya miaka ya 2010 wameshapita asilimia 60. Urusi na Italia ni zaidi ya asilimia 95, yaani mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila kufundishwa na mwanaume hata mmoja. Marekani, Uingereza na Ujerumani ni zaidi ya 80. Halafu ukija Afrika kusini mwa Sahara kwa ujumla wake wanawake bado hawajafika nusu, na kuna nchi kama Chad na Liberia ambako takwimu za miaka ya 2010 zilionyesha hawafiki hata robo ya walimu wa msingi.

Sasa mtu akiniambia ualimu wa msingi ni kazi ya kike kwa asili yake namuuliza, asili ya wapi? Maana mwanamke wa Chad na mwanamke wa Italia ni mwanamke yuleyule. Ingekuwa ni maumbile yetu au upole wetu ndo unatuleta darasani basi namba zingefanana kila mahali. Hazifanani hata kidogo. Kinachotofautiana ni nani aliruhusiwa kusoma akamaliza, nani aliruhusiwa kuajiriwa akiwa ameolewa, mshahara ni kiasi gani ukilinganisha na kazi nyingine, mwalimu anapangiwa wapi na analala wapi. Hivyo ndo vinavyopandisha ile safu au kuishusha, na nimeviona kimoja kimoja kwa macho yangu.

Lakini kabla sijafika huko kuna kitu cha hesabu ambacho kilinifungua akili mapema sana na nakirudia kwa kila mwalimu kijana ninayekutana naye. Shule moja niliyowahi kufundisha ilitajwa kwenye kikao kikubwa kwamba ni mfano mzuri, asilimia ya walimu wanawake imepanda kwa kasi, watu wakapiga makofi. Mi nilikuwa na nakala za fomu za nyuma. Niliporudi nikazitoa nikazilinganisha. Wanawake walikuwa walewale, majina yaleyale, hakuna hata mmoja aliyeongezeka! Waliopungua ni wanaume. Wengine walipata kazi kwenye miradi, wengine walienda kusomea fani nyingine, wengine wakaingia biashara, na nafasi zao hazikujazwa. Chukua shule yenye walimu kumi na wawili, sita wanawake, hiyo ni nusu kwa nusu. Wanaume wanne wakiondoka bila mbadala unabaki na walimu wanane, wanawake bado ni wale sita, lakini sasa ni asilimia 75. Kwenye ripoti inasomeka kama maendeleo makubwa, huku kwenye shule wale sita wanabeba vipindi vya watu wanne walioondoka, na watoto wale wale.

Tangu hapo sijawahi tena kusoma asilimia peke yake. Naangalia idadi kamili, nauliza walioongezeka ni wangapi na walioondoka ni wangapi na wameenda wapi. Kwa sababu safu ya wanawake inaweza kupanda kwa njia mbili tofauti kabisa. Njia ya kwanza ni mlango umefunguliwa, wasichana wamesoma, wamefika chuo cha ualimu, wameajiriwa, wamebaki kazini. Njia ya pili ni kwamba kazi yenyewe imeshuka thamani, mwenye pa kwenda kaenda, na aliyebaki ni yule asiye na pa kwenda. Kwenye karatasi njia hizi mbili zinatoa namba ileile na sehemu nyingi zinatokea zote mbili kwa pamoja, ndo maana inabidi mtu uwe na subira kabla ya kupiga makofi au kulia.

Na hili la thamani si jambo jipya. Marekani chuo cha kwanza cha umma cha kufundishia walimu kilifunguliwa Lexington, Massachusetts, mwaka 1839, na kilianza na wanawake. Wakati uleule kulikuwa na watu kama Catharine Beecher waliokuwa wanahimiza sana wanawake waende kufundisha, wakisema mwanamke ana moyo wa kulea watoto. Ni kweli walisaidia wanawake wengi kupata kazi ya heshima wakati ambao karibu kazi zote zilikuwa zimefungwa kwao, na hilo lazima tuwape. Ila wale wa mamlaka za shule walikuwa wanaangalia pia mfuko, mwalimu mwanamke alikuwa analipwa nusu ya mwanaume na mara nyingine hata chini ya nusu. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe 1861 mpaka 1865, wanaume wakaondoka, na kufika mwisho wa karne ile wanawake walikuwa ndo wengi darasani. Uingereza nayo mwalimu mwanamke wa shule ya serikali alianza kulipwa sawasawa kabisa na mwanaume mwaka 1961, hiyo si zamani, kuna bibi zetu walio hai walishafundisha kabla ya hapo.

Hiyo lugha ya moyo wa kulea mi nimekutana nayo uso kwa uso. Siku naripoti kituo changu cha kwanza mwalimu mkuu hakuniuliza nimebobea somo gani. Aliniangalia akasema mama wewe utashika darasa la kwanza, watoto wadogo wanahitaji mama. Mwenzangu wa kiume tuliyeripoti naye, tumetoka chuo kimoja, alipewa hesabu na sayansi darasa la saba. Na haikuishia hapo, nikapewa na sanduku la huduma ya kwanza, na malezi ya wasichana, na mapokezi ya wageni, na kupanga mambo ya mahafali. Yeye akapewa taaluma. Sasa taaluma ndo ngazi ya kuelekea uongozi, mtu wa taaluma anaandaa ratiba, anakaa na mkaguzi, anajulikana. Mtu wa sanduku la huduma ya kwanza anajulikana na watoto waliochubuka magoti.

Naomba nieleweke hapa kwa sababu huwa watu wananikasirikia. Sisemi darasa la kwanza ni adhabu. Kufundisha mtoto kusoma kwa mara ya kwanza maishani mwake ni kazi ngumu kuliko zote ninazozijua kwenye shule na inahitaji ufundi mkubwa, unaanza na mtoto ambaye hajui hata kushika penseli, ana wenzake wengi mno chumba kimoja, mwingine analia, mwingine kalala, mwingine anajua kusoma tayari na anachoka kusubiri, na mwisho wa mwaka unatakiwa wote wawe wanasoma. Mtu anayeweza hiyo kazi alitakiwa awe ndo analipwa zaidi na kusikilizwa zaidi kwenye kikao. Kinachoniuma ni kwamba kazi hiyo ilihesabiwa kama sehemu ya umama tu, na kwa kuwa ni umama basi haihitaji mafunzo zaidi, haihitaji posho, haihesabiki mtu anapoombewa kupandishwa daraja.

Kwa hiyo nikaanza daftari langu mwenyewe. Fomu ilikuwa inataka ME na KE kwa shule nzima, mi kwenye daftari nikawa nagawa kwa darasa, kwa somo na kwa cheo. Picha iliyotoka hapo ilikuwa inajirudia kila shule niliyokaa. Darasa la kwanza na la pili karibu wote wanawake, ukipanda juu wanaume wanazidi, hesabu na sayansi za madarasa ya mwisho karibu zote wanaume, na ofisi ya mwalimu mkuu mwanaume. Baadaye nikaja kujua kwamba dunia nzima imekaa hivyohivyo kwa ukubwa zaidi: walimu wa awali zaidi ya tisa kati ya kumi ni wanawake, msingi karibu theluthi mbili, sekondari wanapungua wanakuwa zaidi ya nusu kidogo, vyuo vikuu wanashuka chini ya nusu. Kadri mwanafunzi anavyokua na mshahara wa mwalimu wake unavyokua, wanawake wanapungua. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini namba moja ya jumla haitoshi kumwambia mtu chochote cha maana.

Jambo jingine ambalo vijana wa sasa hawaamini ukiwaambia ni la ndoa. Nchi nyingi tu zilikuwa na sheria kwamba mwalimu mwanamke akiolewa anaacha kazi. Ireland walimu wanawake wa shule za msingi waliwekewa sharti hilo mwaka 1934 na likaondolewa 1958. Jimbo la New South Wales kule Australia walitunga sheria hiyo 1932 wakaifuta 1947. England na Wales ilikuja kuzuiwa na Sheria ya Elimu ya 1944. Fikiria mwanamke amesoma, ameiva kazini, anajua watoto wake wote kwa majina na udhaifu wa kila mmoja, anaolewa Jumamosi na Jumatatu hana kazi! Halafu leo mtu anashangaa kwa nini namba za zamani zilikuwa ndogo au kwa nini walimu wanawake wa zamani wengi walikuwa hawajaolewa. Namba ilikuwa inafuata sheria.

Mwaka 1966 tarehe 5 Oktoba, UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walipitisha Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu, ndo tarehe tunayoadhimisha kama Siku ya Walimu Duniani tangu 1994. Walimu wengi wanaijua siku lakini hawajawahi kuisoma karatasi yenyewe. Isomeni jamani. Inasema ndoa isiwe kizuizi cha mwanamke kuajiriwa au kuendelea na kazi, inasema waajiri wakatazwe kumwachisha mwalimu kazi kwa sababu ya ujauzito na likizo ya uzazi, inasema ifikiriwe sehemu ya kulelea watoto wa walimu, na inasema walimu wanawake wenye majukumu ya familia wawezeshwe kupata kituo karibu na makazi yao, na wanandoa ambao wote ni walimu wawezeshwe kufundisha eneo moja. Mi niliposoma kipande hicho cha mwisho nilikaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa nimeshaandika barua nyingi za kuomba uhamisho kumfuata mwenzi wangu, na kila nilipofika ofisi husika naambiwa nisubiri ikama, yaani ile hesabu ya nafasi za walimu.

Vituo vya kazi ndo mahali ambapo namba ya nchi nzima inadanganya kuliko pote. Nchi inaweza kusema nusu ya walimu wetu ni wanawake, vizuri, halafu ukienda shule za mijini unakuta stafu nzima ni wanawake na mwanaume mmoja au wawili, ukienda shule ya mbali hakuna mwanamke hata mmoja, na wastani wa hizo mbili ndo hiyo nusu. Watu wanasema walimu wa kike hawapendi mazingira magumu. Nimefundisha mazingira magumu. Kinachomfukuza mwanamke si vumbi wala umbali wenyewe, ni kupewa chumba kisicho na komeo nyumba ya mtu usiyemjua, ni choo kimoja cha walimu bila mlango, ni kutembea peke yako asubuhi giza halijatoka, ni kuwa mjamzito na kituo cha afya kiko mbali. Kwenye shule moja ya mbali tulikuwa wanawake wawili. Kamati ya shule ilipojenga nyumba ndogo ya walimu, ya kawaida kabisa ila ina komeo imara na choo chake, baada ya muda walimu wa kike wakaanza kubaki. Hakuna aliyewahubiria kuhusu uzalendo, walipewa komeo.

Sehemu nyingine wamefanya kwa sera. Bangladesh waliamua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba asilimia 60 ya nafasi za ualimu wa shule za msingi za serikali zitengwe kwa wanawake, na wakakubali kiwango cha elimu tofauti na cha wanaume kwa sababu wasichana wengi wa vijijini walikuwa hawajapata nafasi ya kufika mbali. Walimu wanawake wakatoka karibu moja ya tano mwaka 1990 mpaka zaidi ya nusu baadaye. Watu walipigia kelele hilo la kiwango cha elimu, na mi kama mwalimu naona lilihitaji mafunzo kazini mengi na ya maana ili lisiwaumize watoto. Lakini binti wa kijijini aliyemwona mwanamke wa palepale anashika chaki alipata sababu ya kuendelea na shule, na wazazi walikuwa tayari kumwacha aende kwa sababu yupo mwalimu wa kike. Msichana huyo akimaliza ndo mwalimu wa kesho. Ni mzunguko na ukikatika mahali popote unakatika wote. Mfano wa kukatika ni Afghanistan, Taliban walipochukua Kabul mwaka 1996 wakawakataza wanawake kazi, walimu wengi wa mji ule walikuwa wanawake, kwa hiyo zikaumia hata shule za wavulana ambazo hazikupigwa marufuku. Wavulana walibaki bila walimu.

Sasa nifike kwenye likizo ya uzazi maana hapa ndo nina mengi moyoni.

Shule ikiwa na walimu wanawake wengi, na wengi wao ni vijana, kila mwaka kuna mtu anajifungua. Hiyo si dharura, ni jambo linalojulikana miezi kabla, mtu yeyote mwenye kalenda anaweza kulipanga. Lakini shule nyingi nilizozijua hazikuwahi kupewa mwalimu wa mbadala. Mwalimu anaenda likizo, vipindi vyake wanagawana waliobaki, na waliobaki wengi ni wanawake wenzake, ambao nao wengine wana watoto wachanga. Ndo hapo maneno yanaanza chinichini ofisini, kwamba fulani kila mara anazaa, kwamba shule hii imejaa wanawake hakuna kazi inayokwenda. Nimesikia maneno hayo kutoka kwa wanaume na nimeyasikia zaidi kutoka kwa wanawake waliochoka. Nilikuwa naumia sana kwa sababu hasira yote ilikuwa inamwendea mama mwenye kichanga wakati aliyeshindwa kazi ni mpangaji. Mtu aliyepanga walimu akijua kabisa kwamba theluthi mbili yao ni wanawake na hakuweka fungu hata dogo la mbadala, amepanga kazi ya watu ambao hawapo duniani.

Nilipokuja kuwa mwalimu mkuu sikuwa na fedha za kuajiri mbadala, lakini nilifanya niliyoweza. Nilianza kuulizia mapema, kwa heshima na kwa siri, nani anatarajia, ili ratiba ya muhula ipangwe tangu mwanzo badala ya kushtukizwa. Vipindi vya mtu aliye likizo vikawa vinagawanywa kwa wote, wanaume na wanawake, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani ili kila mtu aone hakuna anayeonewa. Nikatafuta kijichumba kilichokuwa stoo ya vitabu vibovu, tukakisafisha, mama akawa ana mahali pa kunyonyesha. Nikawaomba walimu wastaafu wa jirani wajitolee vipindi vichache vya kusoma, wawili walikubali na walikuwa msaada mkubwa. Yote hayo yalitusogeza, hayakutosha, na sitakubali mtu aje aseme kwamba shule ikiwa na mkuu mbunifu basi mbadala hauhitajiki. Unahitajika.

Kuwa mwalimu mkuu kwenyewe kulinifundisha kwa nini wanawake ni wachache kwenye kiti kile. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2025 kuhusu jinsia na uongozi wa shule imeonyesha kwamba kwa wastani sehemu ya wanawake walio wakuu wa shule iko chini ya sehemu ya wanawake walio walimu kwa angalau pointi 20 za asilimia. Mi nilishaona wanawake wazuri kabisa wakikataa nafasi, na kila alipokataa mmoja iliandikwa kwamba wanawake hawataki uongozi. Nilikuwa nakaa nao nawauliza. Mmoja alipewa ukuu wa shule ya mbali kabisa na nyumbani, ana watoto watatu wadogo, na hakuna aliyemwambia kama anaweza kusubiri nafasi ya karibu. Mwingine aliogopa vikao vya jioni ambavyo vinaisha usiku na yeye anatembea peke yake. Mwingine, huyu aliniuma zaidi, alisema hajawahi kufanya taaluma wala ratiba wala kukaa na mkaguzi, tangu aanze kazi yuko darasa la pili, anahisi hajui. Alikuwa anajua. Hakuwahi kupewa nafasi ya kujiona anajua. Na tunapoteza, maana utafiti wa UNICEF katika nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kifaransa, uliotumia vipimo vya PASEC, yaani mitihani ya pamoja ya kupima wanafunzi wa msingi wa nchi hizo, uliona wanafunzi wa shule zinazoongozwa na wanawake wanafanya vizuri zaidi kwenye kusoma na hesabu.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya nilipokalia kile kiti ni kuzungusha madarasa na majukumu. Wanaume wawili wakaenda darasa la kwanza na la pili, walimu wa kike wakapanda hesabu na sayansi za juu, taaluma akapewa mama mmoja aliyekuwa amekaa madarasa ya chini tangu aajiriwe. Kulikuwa na kelele. Mzazi mmoja alikuja juu kwamba mtoto wake wa miaka sita hawezi kufundishwa na mwanaume, na mwalimu mmoja wa kiume alihisi amedhalilishwa, alikaa hasemi na mtu. Muhula wa pili yuleyule akaja kuniambia kwamba hakuwahi kujua mtoto anajifunzaje kusoma, kwamba miaka yote alikuwa analaumu watoto wa darasa la saba wasiosoma na sasa ndo anaona kosa linaanzia wapi. Akaomba abaki.

Na hapa niwajibu wale wenye wasiwasi kwamba wavulana wanaharibika kwa kufundishwa na wanawake. Tafiti nyingi zilizofanywa juu ya hili hazijaona kwamba mvulana anashuka kimasomo kwa sababu tu mwalimu wake ni mwanamke, kinachombeba ni ubora wa mwalimu. Mi nataka wanaume wawepo shule ya msingi, nawataka sana, ila si kama dawa ya wavulana. Nawataka kwa sababu mtoto akiona mwanaume anamfunga mtoto mdogo kamba za viatu na kumsomea hadithi, na akaona mwanamke anaongoza shule na kufundisha sayansi, anakua anajua kazi hizo ni za watu wote. Na wanaume watakuja mshahara ukiwa wa kueleweka, kama ambavyo wanawake wenye ufaulu mkubwa nao watarudi. Maana hilo nalo lipo. Zamani msichana aliyeongoza darasani milango ilikuwa michache, ualimu na uuguzi, basi akawa mwalimu na watoto wakafaidi akili yake kwa mshahara mdogo. Sasa anaenda udaktari, benki, uhandisi, sheria, na ni haki yake. Shule zilizokuwa zinategemea kumpata kwa bei rahisi lazima sasa zishindane, na nyingi bado hazijaanza kushindana.

Juzijuzi binti mmoja niliyemfundisha kusoma aliniletea barua yake ya kupangiwa kituo, amemaliza chuo cha ualimu, anataka ushauri aende au asiende. Nilimwambia nenda, na kabla hujasaini uliza mambo matatu: nyumba ya mwalimu ikoje na nani ana funguo zake, utashika darasa gani na baada ya muda gani utapewa darasa au jukumu jingine, na siku ukijifungua nani atafundisha watoto wa darasa lako. Aliuliza. La nyumba walimjibu palepale, la darasa waliandikiana kabisa na mwalimu mkuu wake. La tatu hawakuwa na jibu, wakamwambia hilo litaangaliwa mbele ya safari. Amesharipoti, anafundisha darasa la nne, na kila kikao cha muhula analiuliza tena na sasa wenzake wawili wanaliuliza pamoja naye.